Asante sana nesi wa zamu ya usiku, popote ulipo

Sijui jina lako, lakini kama wewe ndio yule nesi alikaa na mimi pale Upper Hill usiku kabla nirudishwe thieta, aki Mungu akubariki. Nilikuwa nimewekewa implanti, vile vifuko vya silikoni ndani ya matiti, na titi la kushoto lilikuwa limekuwa gumu kama jiwe, limepanda juu, kulalia huo upande haiwezekani, na kila mtu ananiuliza tu kwani uliweka za nini. Wewe hukuuliza. Ulivuta kiti ukanieleza polepole vile mwili hujenga kovu kuzunguka implanti, hiyo ni kawaida kwa kila mtu, shida ni kovu likianza kukaza. Ukaniambia pia hizi vitu hazikutengenezwa kukaa maisha yote, silikoni inaweza pasuka ndani na usisikie chochote, ndio maana FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya matibabu ya Marekani, inashauri upigwe picha ya MRI ama ultrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekwa, halafu kila miaka 2 ama 3. Huko nilikowekewa hakuna mtu aliwahi nitajia hayo!

Na ni wewe ulisema niitishe kadi yenye namba ya implanti, juu 2019 kampuni ya Allergan inayotengeneza implanti waliondoa sokoni zile zenye uso wa kukwaruza baada ya kuhusishwa na saratani fulani nadra. Zangu hazikuwa hizo, nililia kwa furaha.

Zilitolewa zote. Makovu yapo lakini nalala vizuri. Nikiamka ulikuwa umeshatoka zamu, so mwenye anamjua tafadhali amwambie namtafuta, nataka kumshukuru uso kwa uso.