Mdogo wangu, weka huo msasa chini

Mdogo wangu mpendwa,

Hongera sana kwa ujauzito. Nimefurahi mno. Lakini picha uliyonitumia, umesimama kwenye chumba cha mtoto ukikwangua rangi ya zamani ukutani, imenitia wasiwasi. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu najua wako wajawazito wengi wanaofanya kazi hiyo kwa mapenzi yaleyale.

Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Ukizipiga msasa zikiwa kavu, hutoka vumbi laini ambalo hata hulioni. Linatua sakafuni, viganjani, kwenye kikombe ulichokiacha dirishani. Mwili huichukulia risasi kama kalsiamu, ukaiweka mifupani ikakaa miaka na miaka. Mimba inapokuja, mifupa hutoa kalsiamu ya kumjenga mtoto, na risasi ya siku nyingi hutoka nayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto aliye tumboni, ubongo ndio unaoumia zaidi, na anaweza kuzaliwa njiti au na uzito mdogo.

Najua utaniambia kondo la nyuma linamkinga. Hata madaktari waliwahi kuamini hivyo. Halafu yakatokea ya Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956: kiwanda kilimwaga zebaki, metali nyingine yenye sumu, baharini, ikaingia kwenye samaki, watu wakala. Wapo akina mama walioonekana wazima kabisa, lakini watoto wao wakazaliwa na ubongo ulioharibika. Familia za huko zilikuwa zikihifadhi kipande cha kitovu kilichokaushwa, kumbukumbu ya kuzaliwa. Daktari Harada Masazumi alivipima vipande hivyo akakuta zebaki ndani yake: ilikuwa imelivuka kondo. Habari hii inaniuma kila nikiikumbuka.

Zebaki ya aina nyingine imo kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi. Lebo ikisema kalomeli (chumvi ya zebaki) au Hg (alama ya zebaki), usiiguse. Tena mara nyingi haisemi chochote. Ziache zote.

Sasa nimfikie shemeji, maana sipendi mzigo wote ubebeshwe mjamzito. Anashinda na betri za magari, ambazo ndani zina risasi, na vumbi lake humfuata nyumbani kwenye nguo, viatu na nywele. Aoge na kubadilisha nguo hukohuko kazini. Nguo hizo azifue mwenyewe, mbali na zenu. Ile rangi ikibidi kutolewa, itolewe na fundi anayeilowesha kwanza, nawe usiwemo nyumbani mpaka pafutwe kwa kitambaa kibichi. Kufagia pakavu kunalirusha vumbi upya.

Wewe kula vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu, kwa sababu mwili wenye upungufu hufyonza risasi zaidi. Ukishikwa na hamu ya kula udongo, mwambie mkunga. Udongo nao huweza kuwa na risasi. Usikose usingizi kwa kuogopa kila sabuni iliyomo ndani. Haya niliyoyataja ndiyo ya kushughulikia kwanza.

Kliniki ijayo usisubiri kuulizwa. Sema nyumba ni ya zamani, umekwangua rangi, na mumeo anafanya kazi ya betri, kisha omba damu yako ipimwe risasi. Wakikwambia si lazima, omba tena.

Dada yako