Jumamosi tunachora birika na maembe

Habari za jioni wapendwa. Tukutane Jumamosi saa 3 asubuhi, barazani pale pale. Tutatumia rangi za kung'aa za baiskeli juu ya hadibodi (ubao mwembamba), kama alivyofanya mchoraji Edward Saidi Tingatinga hapa Dar miaka ya 1960. Embe ni mabaka mawili tu, la kijani na jekundu, na kivuli chake ni umbo moja jeusi. Fumbeni macho nusu, mtaliona.

1. Mchango 10,000/= kabla ya Alhamisi jioni.
2. Njoo na brashi bapa na nguo kuukuu, rangi hii haitoki.

Birika nitaleta langu lenye masizi. Maembe nani ataleta?

Naomba kila mmoja aandike "Nipo" leo, nijue nikate vipande vingapi vya hadibodi.