Ndanda si shule moja

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako. Juzi, ndani ya basi la kwenda Masasi, kijana aliyevaa sare ya shule alinishikilia kabisa kwamba Sekondari ya Ndanda na Sekondari ya Abbey ni kitu kimoja. Nilicheka, kisha nikaona si la kucheka.

Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzia Lukuledi mwaka 1895, wakafuata Nyangao. Vita vya Majimaji vilipofika kwetu mwaka 1905, misheni hizo zilichomwa moto. Ndanda yenyewe ilianzishwa 1906, majivu yakiwa hayajapoa, tuseme. Pakajengwa kanisa, hospitali na shule. Hayati Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, alisoma hapo kabla ya kwenda Kigonsera na Pugu.

Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizitwaa shule za misheni, na Sekondari ya Ndanda ni ya serikali hadi leo. Kule Chidya, kwa Waanglikana, mambo yalikwenda vivyo hivyo. Abbey ndiyo ya binafsi, mali ya watawa.

Wazee waliobeba matofali ya majengo yale wanatutoka mmoja mmoja, wala hakuna anayewarekodi. Walimu wa historia wa Masasi, watumeni wanafunzi na daftari wakati wa likizo. Simu za kurekodia wanazo, tena nzuri kuliko yangu.

Msomaji wenu,
Masasi, Mtwara