Risala kwa Mgeni Rasmi: Usiku wa Muziki wa Kuwakumbuka Watu 97 wa Hillsborough, Liverpool

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwakilishi wa Ubalozi wetu hapa Uingereza,
Ndugu Mwenyekiti wa kikundi,
Wazee wetu na viongozi wa dini,
Ndugu zetu kutoka jumuiya za Kenya na Kongo,
Wanamuziki wetu wa usiku huu,
Mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa niaba ya Watanzania tunaoishi Liverpool na vitongoji vyake, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako London ukaja kuketi nasi. Desturi ya risala ni kuanza na idadi ya wanachama, mafanikio na changamoto. Hayo yote tumeyaandika katika taarifa utakayokabidhiwa na katibu. Usiku huu tunaomba ridhaa yako tuzungumzie jambo moja tu: kwa nini kikundi cha Waswahili kimewaita jukwaani wapiga dansi wake wa zamani, watu walioachana na magitaa miaka mingi, ili wapige muziki kwa ajili ya mashabiki wa mpira waliokufa mwaka 1989 katika mji mwingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tarehe 15 Aprili 1989 Liverpool ilicheza na Nottingham Forest nusu fainali ya Kombe la FA katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Mashabiki wa Liverpool walipangiwa upande wa Leppings Lane, ambako milango ya kuingilia ilikuwa michache na myembamba. Msongamano ulipozidi nje, saa nane na dakika 52 mchana polisi waliamuru lango kubwa lifunguliwe. Watu waliingia na kufuata njia waliyoiona mbele yao, yaani handaki lililoelekea kwenye vizimba viwili vya katikati, vya namba 3 na 4. Vizimba hivyo vilikuwa vimeshajaa. Hakuna aliyesimama mdomoni mwa handaki kuwaelekeza pembeni, kulikokuwa na nafasi. Mbele yao kulikuwa na uzio wa chuma, na nyuma yao umati uliendelea kusukumwa ndani. Mpira ulianza saa tisa alasiri na ukasimamishwa baada ya dakika sita. Watu walikuwa wanakufa wakiwa wamesimama.

Mashabiki wenyewe ndio waliobomoa mbao za matangazo wakazifanya machela. Vijana walibeba wenzao wakikimbia nao uwanja mzima hadi upande wa pili. Watu 94 walifariki siku ile, na wengine watatu walifuata baadaye kutokana na majeraha ya siku hiyo hiyo, wa mwisho akiwa amefariki mwaka 2021. Ndiyo maana leo tunasema 97. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 10, binamu yake Steven Gerrard, ambaye baadaye alikuja kuwa nahodha wa Liverpool.

Msiba huo peke yake ungetosha kuuinamisha mji. Lakini juu ya msiba ukaongezwa uongo. Kamanda wa polisi wa siku ile aliwaambia viongozi wa mpira kwamba mashabiki ndio waliovunja lango, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyetoa amri lifunguliwe. Siku nne baadaye gazeti la The Sun likaandika kwenye ukurasa wa mbele kwamba mashabiki waliwaibia majeruhi na wafu, tena chini ya kichwa cha habari kilichodai kuwa huo ndio ukweli. Mpaka leo wako wauza magazeti katika mji huu ambao hawaliweki gazeti hilo dukani. Ripoti ya Jaji Taylor ilitamka mwaka ule ule kwamba chanzo kikuu kilikuwa polisi kushindwa kuumudu umati, lakini mwaka 1991 uchunguzi wa vifo uliamua kuwa watu wale walikufa kwa ajali. Tena mchunguzi alikataa kusikiliza ushahidi wa jambo lolote lililotokea baada ya saa tisa na robo, kana kwamba baada ya saa hiyo hakukuwa na mtu wa kuokolewa. Mama aliyetaka kujua mwanawe alihangaika na pumzi mpaka saa ngapi aliambiwa jalada limefungwa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwa familia hizi ilikuwa na urefu wa miaka 23.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Katika miaka hiyo mirefu ndipo wanamuziki walipoonyesha thamani yao, na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Muziki wa panki wa Uingereza ulishika kasi London katikati ya miaka ya 1970, miongoni mwa vijana waliokuwa hawana kazi wala fedha za ala za maana. Waliimba kwa sauti kali kuhusu mitaa yao, polisi na njaa ya kusikilizwa. Bendi ya The Clash iliundwa mwaka 1976. Sisi wahamiaji tuna sababu ya kuikumbuka kwa heshima: Aprili 1978 ilipanda jukwaani Victoria Park, London, katika tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi, wakati ambapo watu weusi na Waasia walikuwa wakipigwa barabarani. Na hapa Liverpool, katika mtaa wa Mathew Street, kulikuwa na klabu ndogo iliyoitwa Eric's. The Clash walipiga hapo mwaka 1977. Miongoni mwa vijana waliolelewa na klabu ile ni Pete Wylie, Holly Johnson na Ian Broudie.

Majina hayo yafuatilieni. Mei 1989, maiti wakiwa hawajapoa kaburini, Holly Johnson aliungana na Gerry Marsden, Paul McCartney na kundi la The Christians kurekodi upya wimbo wa mto wetu wa Mersey kwa ajili ya mfuko wa waathirika, na ukashika namba moja nchini. Mei 1997 tamasha la haki lilifanyika katika uwanja wa Anfield wenyewe, nyumbani kwa timu ya Liverpool, na Ian Broudie alikuwemo pamoja na kundi lake la Lightning Seeds. Vijana wa klabu ile hawakuusahau mji wao walipopata majina makubwa.

Kisha ukaja mwaka 2011. Zaidi ya watu 100,000 walikuwa wametia saini ombi la kuitaka serikali itoe nyaraka zote za Hillsborough bila kuficha. Septemba mwaka huo, katika ukumbi wa Olympia hapa Liverpool, likafanyika tamasha la kuunga mkono kususiwa kwa lile gazeti la The Sun. Akatokea Mick Jones, mpiga gitaa wa The Clash, mtu wa London na shabiki wa Queens Park Rangers, asiye na ndugu Leppings Lane. Alisimama na Pete Wylie na kundi la The Farm la Peter Hooton na Keith Mullin, akapiga nyimbo za The Clash. Hawakuishia usiku mmoja. Desemba wakaingia barabarani kwa ziara waliyoiita Justice Tonight, yaani haki usiku huu. Jina hilo lilitoka kwenye toleo la dabu, yaani rege iliyochanganywa upya studioni, ambalo The Clash walilitoa mwaka 1979 kutokana na wimbo wa rege wa Willie Williams wa Jamaika. Fedha zilikwenda kwenye kampeni ya haki ya Hillsborough.

Wapenzi wa muziki watakumbuka kwamba Mick Jones alifukuzwa kutoka The Clash mwaka 1983. Yeye na Joe Strummer, mwimbaji wa bendi hiyo, walisimama tena jukwaa moja Novemba 2002 huko Acton, London, katika onyesho la kuwachangia wazima moto waliokuwa kwenye mgogoro wa mishahara. Mwezi uliofuata Strummer akafariki. Kwa hiyo Mick Jones alipozibeba nyimbo zile kuja Liverpool, alikuwa amemzika mwenzake, na angeweza kuziuza kwa bei yoyote aliyotaka. Alizileta kwenye kumbi za kawaida akawapa wazazi waliofiwa.

Usiku tunaoupenda zaidi katika habari hii ni ule wa Manchester, Desemba hiyo ya 2011, katika ukumbi wa Ritz. Manchester na Liverpool kwa mpira ni mahasimu wa damu. Ian Brown na John Squire wa kundi la The Stone Roses walikuwa wamekaa zaidi ya miaka kumi bila kupiga pamoja mbele ya watu. Walikuwa wametangaza kupatana, na dunia nzima ilisubiri onyesho lao la kwanza la mamilioni. Usiku ule wakapanda jukwaani bila matangazo, wakasimama na Mick Jones, wakapiga kwa ajili ya wafu wa Liverpool. Majira ya joto yaliyofuata wakawakaribisha Justice Tonight katika maonyesho yao ya Heaton Park, mbele ya makumi ya maelfu ya watu wa Manchester. Mtu aliyekulia na utani wa Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards, anaelewa bila kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Septemba 2012 jopo huru lililoongozwa na Askofu James Jones likatoa ripoti yake. Taarifa 164 za polisi zilikuwa zimebadilishwa, na katika 116 kati ya hizo yalifutwa maneno yaliyowalaumu polisi wenyewe. Watu 41 wangeweza kuwa na nafasi ya kupona kama wangehudumiwa ipasavyo, ikiwa na maana kwamba ile saa tisa na robo haikuwa na msingi wowote. Waziri Mkuu akaomba radhi bungeni. Siku chache baadaye Everton, majirani na wapinzani wetu, waliyaonyesha majina ya marehemu uwanjani kwao Goodison huku ukipigwa wimbo wa zamani wa kundi la The Hollies kuhusu kumbeba ndugu yako. Keith Mullin alikuwepo, na pale pale akapata wazo la kuurekodi. Wanamuziki na wachezaji wakakusanyika kwa jina la The Justice Collective, wimbo ukawa namba moja Krismasi ya 2012, na mapato yakasaidia gharama za kisheria za familia. Uchunguzi mpya wa vifo ulipomalizika tarehe 26 Aprili 2016, baada ya miaka miwili ya ushahidi, jopo la raia liliamua kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Hatusemi kwamba magitaa ndiyo yaliyoshinda kesi. Walioishinda ni akina mama, akina baba na ndugu waliokataa kunyamaza, wengine wakafa kabla ya kuisikia hukumu. Tunachokisema kwa moyo wote ni kwamba mtu anayeitwa mwongo mwaka hadi mwaka anahitaji mahali ambapo anaaminika kabla ya mahakama kumwamini, na wanamuziki hawa walimpa mahali hapo. Mama aliingia ukumbini akakuta watu elfu moja wasiomfahamu wanalitaja jina la mwanawe kwa heshima. Akarudi nyumbani na nguvu ya kuandika barua nyingine. Hiyo, kwa maoni yetu, ilizidi fedha zote zilizochangwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Nasi tuna wafu wetu wa viwanjani. Tarehe 21 Machi 2021 watu 45 walifariki kwa msongamano katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Rais John Magufuli. Ndugu zetu wa Kenya tulio nao hapa walipoteza watu saba uwanja wa Nyayo Oktoba 2010, katika mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mtu aliyetoka nyumbani kwenda kuaga au kushangilia alistahili kurudi. Usiku huu majina ya watu 97 yatasomwa kwanza, kwa kuwa tuko katika mji wao, kisha tutasimama kwa dakika moja kwa ajili ya wetu.

Ndiyo maana wapiga dansi wetu wamekubali kurudi. Wengine walikuwa hawasemeshani tangu bendi ilipovunjika. Tulipowaeleza habari ya Ritz, waliomba wapewe siku ya mazoezi. Hakuna anayelipwa. Kila senti ya kiingilio, pamoja na mapato ya meza ya pilau, sambusa na mishikaki iliyoandaliwa na akina mama, itakwenda kuwafundisha huduma ya kwanza vijana wanaosimamia milango ya viwanja nyumbani, ili anayeanguka katika msongamano amkute karibu yake mtu anayejua la kufanya.

Hapo ndipo tunapokuomba mkono wako. Tunaomba Ubalozi utuunganishe na Baraza la Michezo la Taifa na Chama cha Msalaba Mwekundu, ili fedha hizi zifike na mafunzo yafanyike kweli, na taarifa ya matumizi turudishiwe tuisome mbele ya waliochangia. Tunaomba pia ufikishe nyumbani habari za muswada uliopelekwa bungeni hapa Uingereza mwaka 2025, unaojulikana kama Sheria ya Hillsborough, unaokusudia kumlazimisha mtumishi wa umma kusema ukweli pale janga linapochunguzwa. Wanasheria wetu wausome. Na mwisho, tunaomba ushike orodha ya majina usiku huu na uyasome kumi ya kwanza. Familia za hapa zitafurahi kuyasikia kutoka kinywani mwa mgeni aliyetoka mbali.

Baada yako watapokea wazee wa kikundi, kisha vijana, na jina la mwisho likishasomwa, bendi itaanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.