Wifi yangu, mwite mchungaji

Wifi yangu,

Nimesikia wazee wa Tukuyu walimzika mtoto ungali wodini Mbeya, na uliporudi nyumbani wakakuambia usilie, utapata mwingine. Najua wanakupenda. Kichanga aliyefia tumboni mara nyingi huzikwa hivyo huku kwetu, na bibi wachache, bila matanga. Lakini wewe ulimbeba miezi minane, na kaka yangu alishatafuta mbao za kitanda. Mwingine akija hataziba nafasi ya huyu.

Mwite mchungaji. Sisemi aje kukuhubiria. Mchungaji aliyezoea kuhudumu wodi ya wazazi huanza kwa kuuliza, "Mlimpa jina gani?" Kama mtoto hajazikwa, humwachia mama ampakate, amviringishe kwenye khanga aliyomwekea, baba naye amtazame, kisha humwekea mkono kichwani, humtaja kwa jina na kumkabidhi kwa Mungu. Kwako hayo yamepita, ila sala haijapita. Anaweza kwenda nanyi kaburini, wiki hii au hata baada ya mavuno, mkasoma zaburi, mkalitaja jina kwa sauti, mkasimika msalaba.

Najua kinachokunyima usingizi: hakubatizwa. Ubatizo ni wa walio hai, ndiyo maana mtoto akizaliwa anahema kwa shida hata muuguzi anaweza kumbatiza. Wako hakuipata pumzi hiyo. Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha Kanisa la Kilutheri, ambaye mwaka 1528 alimzika binti yake Elisabeth akiwa hajatimiza mwaka, mwaka 1542 aliwaandikia akina mama waliofikwa na hili kuwafariji: watoto hao wasihesabiwe wamepotea, kwa kuwa hamu ya mama aliyetaka kumleta mwanawe kwa Mungu, Mungu huipokea kama sala. Wakatoliki nao, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamruhusu askofu kukubali mazishi ya kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Atakayekutisha kwa habari ya ubatizo, mwambie akamuulize kwanza mchungaji wake.

Na kaka yangu msimsahau. Wanaume hukabidhiwa jembe la kuchimbia kaburi, basi, hakuna anayewauliza wanalalaje. Mchungaji akija, naye akae, aulizwe.

Ijumaa napanda basi hapa Iringa. Mkishakubaliana jina nitumie ujumbe, nimpe fundi aliandike kwenye msalaba kabla sijaondoka.

Wifi yako