Wenye filodendroni ya mahameli, someni hapa
Habari za asubuhi wapendwa. Kiangazi cha Tabora kimekolea, na mmea wetu huu wa ndani, wenye majani laini kama mahameli, asili yake ni misitu yenye unyevu ya Kolombia; hewa kavu inautesa. Jana jani langu jipya, bado lina wekundu wa shaba, lilikwama kwenye ala yake, yaani ganda linalolifunika kabla halijakunjuka, likachanika ncha. Limeniuma kweli. Tafadhalini, lowesheni nguzo ya makumbi ya nazi ambayo mmea unaipanda kila asubuhi, maana mizizi inayoota kwenye vifundo vya shina hunywa humo. Udongo wa chunguni usubiri: chomeka kidole, juu pakikauka ndipo umwagilie. Dirishani sawa, ila jua la mchana lisiupige. Wenye watoto wadogo uwekeni juu, utomvu wake unawasha mdomo vibaya. Jumamosi naleta makumbi, anayehitaji aseme mapema.