Sare ya shule ipigwe marufuku kwenye dubwi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Chikongola, Mtwara. Nashona sare za shule, na kaptula zangu nazijua hata zikipita ng'ambo ya barabara, maana kona ya mfuko naikaza kwa uzi wa ziada.

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea kaptula ya bluu ya mwanawe, mfuko umechanika palepale kwenye kona, akalalamika kwamba uzi wangu mbovu. Nikaugeuza mfuko nje. Kitambaa kimelika, kimeingia weusi, utadhani mfuko wa kondakta wa daladala. Nikamuuliza mtoto, yuko darasa la sita, akainamisha kichwa. Mwisho akasema ni sarafu. Za mia mbili mbili, za dubwi, ile mashine ya kamari inayokula sarafu.

Dubwi lenyewe liko barazani kwa duka la jirani, nikikaa kwenye cherehani naliona. Watoto wakitoka shule wanavua mashati, wanayasokomeza kwenye mabegi, wanabaki na fulana, wanacheza. Wao wenyewe wanajua shati lile halistahili kuonekana pale. Mwenye duka anatazama pembeni.

Mwaka jana nilikuwa Dar es Salaam na kaka yangu, tulimpelekea korosho mpwa wetu anayefanya kazi kwenye kasino moja. Kaka akazuiwa mlangoni. Kwanza kitambulisho, na kichwa chake chote mvi! Halafu miguu. "Shikamoo mzee, samahani, kwa kandambili hatuingizi mtu." Kaka alikasirika mpaka tunafika kituo cha basi. Mimi nilimpenda yule mlinzi.

Mpwa wetu alitueleza kwamba Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18, ndiyo maana mlangoni hawakisii umri kwa sura. Akasema Singapore raia analipa dola 150 za nchi hiyo ndipo aingie kasino kwa siku moja, mgeni halipi. Monaco ndiyo kabisa, raia wao hawaruhusiwi kucheza.

Sisi mashine zetu za mtaani hazina hata mlango wa kumzuia mtu. Naiomba Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na Manispaa yetu ya Mtwara-Mikindani, dubwi litolewe barazani. Likae ndani, mlangoni awepo mtu mzima wa kuuliza kitambulisho. Suti na tai hatudai. Ila akionekana mwenye sare, au aliyeificha kwenye begi, mashine ibebwe siku hiyohiyo. Na jambo hili lifanyike kabla ya msimu wa korosho, pesa hazijajaa majumbani.

Kaptula ile nimeitia mfuko mpya, sikutoza kitu. Juzi mchana nimemwona tena yule mtoto barazani, begi mgongoni, ana fulana tu.

Fundi Cherehani,
Chikongola, Mtwara